IST ya 2004 kwa milioni 10.5: tulivyoipima na bei tuliyofikia

Gari lenyewe ni Toyota IST iliyotengenezwa 2004, injini ya cc 1298, gia otomatiki, rangi ya silva, namba ya usajili ya herufi D. Dalali alilitangaza kwa maneno ambayo kila aliyewahi kutafuta gari Dar es Salaam ameshayakariri: "Injini haijaguswa, gia safi, AC ya baridi kali, kilomita 128,000 tu, ni kuweka mafuta na kuondoka. Milioni 10.5, maongezi yapo." Mnunuzi ni muuguzi anayeishi Kibaha na kufanya kazi mjini, zamu za usiku zikiwemo. Saccos ya kazini kwake ilikuwa imempitishia mkopo wa milioni 11. Alishapiga hesabu: 10.5 ya gari, laki tano inayobaki ya kuhamisha umiliki, bima na mafuta ya kuanzia. Mimi niliitwa kulikagua kabla pesa haijatoka.

Hata kabla ya kuliona gari nilimwambia hesabu ile haifai, hata kama gari lingekuwa zima. Gari la miaka ishirini likishabadilisha mwenye, halikosi kudai kitu ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Mwenye mkopo wa milioni 11 anatafuta gari la milioni 8 au 8 na nusu, na kinachobaki kinakaa benki kikisubiri spea. Anayemaliza pesa yote kwenye bei ya kununulia atalitengeneza kwa kukopa tena, au ataliendesha hivyo hivyo likiwa bovu. Injini nyingi za gari hizi zinafia hapo, mikononi mwa mwenye mpya asiyekuwa na laki mbili za rejeta.

Aina ya gari sikuwa na ugomvi nayo. IST ya umbo la kwanza ilitengenezwa Japani kuanzia 2002 hadi 2007, na imejengwa juu ya msingi mmoja na Vitz ya wakati huo. Ilikuja na injini mbili. 2NZ-FE ya cc 1298 ni ya gari ambalo namba yake ya chesisi inaanza na NCP60. 1NZ-FE ya cc 1496 ni ya NCP61, linalovuta magurudumu ya mbele, na NCP65, linalovuta yote manne. Zote mbili zinatumia cheni ya taimingi, ile inayoendesha vali, si mkanda, kwa hiyo ule wasiwasi wa mkanda kukatika njiani haupo. Gia ni otomatiki ya kawaida ya hatua nne, wakati IST nyingi za umbo la pili, lile la baada ya 2007, zina CVT, otomatiki isiyo na hatua, ambayo mafundi wetu wengi bado wanaiogopa. Isitoshe, injini hizi zimefungwa pia kwenye Vitz, Platz, Funcargo, Probox na ndugu zao wengine. Kitu kikiharibika Kibaha jioni, asubuhi kinapatikana kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar, kipya, kopi au cha mtumba, kwa bei tatu tofauti. Kwa mtu wa mshahara, hiyo ni nusu nzima ya sababu ya kuliamini gari. Gari imara kuliko hilo lakini lenye spea za kuagiza litamlaza njaa.

Kwa hiyo swali halikuwa kama IST ni gari zuri. Swali lilikuwa kama hii mojawapo ina thamani ya milioni 10.5.

Herufi kwenye namba

Bei ile ilibebwa na herufi D. Wakati ule IST za namba C zilikuwa zikitajwa kati ya milioni 7.5 na 8.5, na za namba D kati ya 9.5 na 11. Tofauti ya milioni mbili kwa herufi moja.

Ipo sababu ya haki nyuma yake. Herufi inaonyesha gari lilisajiliwa hapa nchini kipindi gani. Hili liliingia 2016, kwa hiyo lilikuwa limekanyaga barabara zetu miaka minane tu, na miaka yake ya mwanzo liliiishi Japani, kwenye lami nzuri na ukaguzi wa lazima wa kila baada ya miaka miwili. Pia aliyeliingiza alilipia uchakavu. Gari lililofikisha miaka kumi hutozwa nyongeza juu ya ushuru wa kawaida, kwa sasa asilimia 30, na gharama hiyo inatembea na gari hadi kwa mnunuzi wa tatu na wa nne.

Lakini herufi inaanza kuhesabu bandarini. Raba, sili na mabomba ya gari hili ni ya 2004, sawa na ya IST ya 2004 iliyoingia 2010 ikapewa herufi ya nyuma. Lebo iliyoshonwa chini ya mkanda wa kiti cha dereva ina tarehe ya kutengenezwa kwa mkanda, na ilikubaliana na mwaka wa kwenye kadi. Kwa umri wa chuma, namba C iliyotunzwa na namba D hii ni pacha. Kinachozitofautisha ni aliyeshika usukani na fundi aliyekuwa akifungua boneti, na hayo herufi haiyasemi.

Ndipo tukafika kwenye kilomita. Kwenye ukingo wa mlango wa dereva, ile sehemu inayofichwa mlango ukifungwa, palikuwa na kibandiko cha gereji ya Japani cha kumbukumbu ya oili. Kilikuwa kimefifia, lakini tarakimu zinasomeka. Wajapani mara nyingi huandika mwaka kwa kuhesabu enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo 27 iliyoandikwa pale ni 2015. Kando yake: kilomita 141,200. Dashibodi, miaka tisa baadaye, inasoma 128,000 na ushee.

Vibandiko vingine huandika kilomita za huduma inayofuata badala ya zile za siku hiyo. Hata ukitoa elfu tano kwa ajili hiyo, gari lililofika 136,000 Japani haliwezi kusoma 128,000 Tanzania.

Muuzaji, mzee mstaafu, alikasirika nilipomwonyesha, na sikuona uongo kwenye hasira yake. "Mimi nililichukua yadi likiwa na elfu sitini na moja, mwanangu. Sijawahi kumpa mtu aguse ile mita." Nilimwamini. Kilomita zilirudishwa kabla halijamfikia. Kwa maelezo yake, yeye ameliendesha kilomita elfu 67, na ukizijumlisha na za kibandiko unapata laki mbili na elfu nane hivi. Hizo ndizo kilomita tulizofanyia kazi.

Laki mbili peke yake haijawahi kunifanya nikatae gari la injini hii. Zilizobadilishiwa oili kwa wakati nimeziona zikivuka laki tatu zikiwa na nguvu. Ila gari la laki mbili linaulizwa maswali ambayo la 128,000 haliulizwi, na mtu anayeamini mita ya dashibodi hayaulizi.

Maji na oili

Tulikuwa tumemwomba dalali gari lisiwashwe kabla hatujafika. Tulifika saa moja asubuhi, nikaweka kiganja juu ya boneti: ya moto. Akasema alilipasha kidogo "lisiwasumbue." Injini yenye shida ya ringi (pete za pistoni) au sili za vali inajitaja ikiwa baridi, na ikishapashwa inanyamaza. Tukakaa hadi karibu saa tano, limepoa, ndipo likawashwa.

Moshi wa buluu ulitoka kwa sekunde mbili tatu, kisha ukapotea. Stiki ya oili ilionyesha kiwango kiko karibu na alama ya chini, oili nyeusi. Kifuniko cha kujazia oili kilikuwa kimegandiwa na utando wa kahawia iliyoiva, nene kwenye pembe. Utando huo ni wa oili iliyokaa muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Ungekuwa mweupe kama maziwa ningeaga pale pale, kwa sababu huo ni wa maji yaliyoingia kwenye oili.

Rejeta ndiyo iliyonihuzunisha. Ndani yake kulikuwa na maji ya bomba, rangi ya chai ya rangi, bila tone la kulanti. Injini hii ina bloku na silinda hedi za aluminiamu. Kulanti haiko pale kwa ajili ya baridi kali ya Ulaya, kama wengi wanavyodhani. Iko pale kuzuia kutu na magamba, na kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji matupu yanakula pampu, yanaziba mirija myembamba ya rejeta, na siku ya foleni ndefu injini inachemka.

Kisha tukaliingiza barabarani na mashine ya kusomea kompyuta ya gari ikiwa imechomekwa. Kutoka Ubungo kupanda Kimara, halafu kwenye ile barabara pana ya kwenda Kibaha kwa mwendo wa 80, joto la maji halikuvuka nyuzi 71. Kwenye foleni lilipanda hadi juu ya 90 na feni ikawaka, tukitoka linashuka tena. Thamostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto, kwenye injini hii hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Injini iliyopata moto sawasawa haiwezi kukimbia kwenye 71 huku jua la Dar linawaka, labda thamostati iwe imekwama wazi au haipo. Haikuwepo. Tulipofungua baadaye tulikuta nyumba yake tupu.

Hapa niseme kwa uzito, kwa sababu ni desturi iliyoenea na inaua magari. Gari likichemka, fundi anang'oa thamostati, linaacha kuchemka, mteja anashukuru. Ugonjwa wenyewe, yaani rejeta iliyoziba au feni iliyochoka, umebaki pale pale. Kompyuta ya gari nayo inaona injini haijapata moto, kwa hiyo inaendelea kumwaga petroli ya ziada kama ya asubuhi. Petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinasagika, kaboni inajaa, na matumizi ya mafuta yanapanda. Mwenye gari anaona tu kwamba IST yake "inakula mafuta kuliko ya jirani." Miaka mitatu baadaye inaanza kula na oili.

Ilikuwa imeshaanza. Tukiwa tunapanda, rafiki aliyekuwa nyuma na gari lake aliona moshi mwepesi wa buluu kila tulipokanyaga mafuta baada ya mteremko.

Tukaenda gereji moja Tabata kupima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda. Injini ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekatwa, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho, selfu inazungusha. Plagi tatu zilikuwa na rangi ya kijivu ya kawaida. Ya silinda ya nne, ile ya upande wa giaboksi, ilikuwa nyeusi na imelowa oili hadi kwenye nyuzi. Mita ikasoma 182, 180, 184 na 158. Kwa kitabu cha Toyota injini ya aina hii ikiwa nzima inatoa karibu psi 213 (psi ni kipimo cha shinikizo), kiwango cha chini kabisa ni 156, na silinda hazitakiwi kupishana zaidi ya psi 15 hivi. Tatu za kwanza ni za injini ya mtu mzima yenye afya. Ya nne ilikuwa imesimama ukingoni, na tofauti yake na wenzake ilizidi.

Fundi akadondosha oili kidogo, kama kijiko cha chai, kwenye tundu la plagi ya nne na kupima tena. Mita ikapanda hadi 177. Kipimo hicho kidogo kina thamani kubwa. Oili inaziba upenyo wa ringi kwa muda, kwa hiyo namba ikipanda tatizo ni ringi. Isingepanda, tungetafuta vali au gasketi ya hedi, na hizo zina bei nyingine na hofu nyingine. Povu kwenye rejeta wakati injini inaunguruma halikuonekana, maji na oili havijachanganyika. Tulijua sasa ugonjwa ni nini na uko wapi.

Mengine yalikwenda haraka. Gia iliingia bila kuchelewa, D na R, bila kugonga, ila oili yake ilikuwa imefifia wekundu. Shokapu za mbele zilikuwa zimechoka, bushi za mikono zimepasuka, stabilaiza linki zinagonga kwenye matuta. Tairi zilikuwa na kashata nzuri, lakini tarakimu nne ubavuni zilisema 1918, yaani wiki ya 19 ya mwaka 2018, na raba ilikuwa imekauka na kuchanika nyufa. Taa ya injini na ya mifuko ya hewa ziliwaka ufunguo ulipofunguliwa na kuzimika zenyewe, kama inavyotakiwa. Ambayo haiwaki kabisa ndiyo ya kuitilia shaka, maana balbu hung'olewa. Sumaku iliyofungwa kitambaa ilishika mwili mzima isipokuwa sehemu ya mbele kulia, ambako palikuwa na puti. Bampa liligongwa, chesisi haijapinda, halikunisumbua. AC ilikuwa baridi kweli.

Kadi ilikuwa na jina la mzee mwenyewe, na namba za injini na chesisi zililingana na za kwenye gari. Kwenye mfumo wa Polisi palikuwa na faini tatu za mwendo kasi ambazo hazijalipwa.

Hesabu

Nilianzia kwenye bei ya muuzaji mwenyewe. Milioni 10.5 ilikuwa bei sawa kwa IST ya namba D isiyo na tatizo, hilo nalikubali. Swali ni hii iko mbali kiasi gani na ile isiyo na tatizo.

Thamostati, kulanti na kusafisha njia za maji: 160,000. Rejeta: 180,000. Shokapu mbili, bushi, linki na ufundi: 400,000. Tairi nne: 520,000. Breki za mbele: 110,000. Oili ya giaboksi: 130,000. Jumla milioni moja na nusu, za kutumika kabla gari halijaanza kumpeleka mtu kazini.

Hapa wanunuzi wengi hukata yote na muuzaji huona wanamwonea, na ana haki. Hata IST nzima haiji na tairi mpya. Kwa vitu vinavyoisha kwa matumizi ya kawaida, tairi, breki, oili ya gia, nilikata nusu tu. Kwa uharibifu, yaani mfumo wa maji na miguu ya mbele, nilikata yote. Ikawa 1,120,000.

Kisha injini. Fundi alikadiria kubadilisha ringi, sili za vali na gasketi kwa 1,100,000. Mzee alibisha kwamba injini inaweza kwenda mwaka mzima au miwili bila kuguswa, na kweli inaweza. Lakini kama itakwenda au haitakwenda, hatari hiyo inahamia kwa mnunuzi siku anapolipa, kwa hiyo nilikata yote. Mwingine angekata nusu. Sioni sababu ya muuguzi mwenye mkopo kubeba nusu ya matokeo ya thamostati iliyong'olewa na mtu mwingine.

10,500,000 ukitoa 2,220,000 inabaki 8,280,000. Nikamwambia dari yake ni 8.3, na asiguse zaidi hata kama ameshalipenda. Ningekuta oili yenye maji, gia inayoteleza, chesisi iliyopinda au namba ya injini isiyolingana na kadi, nisingempa bei yoyote. Hayo hayana punguzo linaloyafidia kwa mtu ambaye gari hilo ndilo pekee alilonalo.

Tulirudi kwa mzee, tukaamkia, tukamwekea mezani plagi ya nne na karatasi ya vipimo. Dalali alikuwa mkali: "Fundi, unaniulia biashara. Namba D haijawahi kuuzwa nane." Mzee aliishika ile plagi muda mrefu, akanusa, kisha akasema ataishia 9.8. Tukashukuru, tukaondoka. Siku kadhaa baadaye alimpigia muuguzi mwenyewe akataja 9.2. Alipopiga mara ya tatu alisema mnunuzi mwingine amekuja na fundi wake, amepima, amekuta hayo hayo. Wakamalizana kwa 8.3, faini tatu zikalipwa na muuzaji kabla ya kusaini mkataba.

Dada muuguzi akabaki na milioni 2.7. Matengenezo ya kwanza yalifanyika gari likiwa halijaanza safari za kazini, yote kwa mkupuo, na yalikaa ndani ya ile milioni moja na nusu. Uhamisho na bima alilipia mshahara. Iliyobaki hakuigusa.

Thamostati peke yake ilibadilisha tabia ya gari. Joto likatulia kwenye nyuzi 80 na kitu, na matumizi yakatoka kilomita 10 kwa lita hadi karibu 13 kwenye safari ya Kibaha na kurudi. Tulikubaliana oili nyepesi ya 5W-30, ibadilishwe kila kilomita 4,000, na stiki iangaliwe kila Jumamosi na kuandikwa kwenye daftari. Daftari hilo ndilo lililotuonyesha kwamba inakula karibu nusu lita kwa kila kilomita 1,000. Kwa kiwango hicho gari linatembea, ila ukizoea kusahau kuongeza unaweza kumaliza injini.

Mwezi wa nane tangu alinunue, taa ya injini iliwaka na gari likaanza kutetemeka likisimama. Kompyuta ikatoa P0304, silinda ya nne inakosa kuwaka. Plagi ilikuwa imezibwa na oili. Watu kazini kwake walimshauri anunue injini ya mtumba, kwamba kwa milioni 1.8 anafungiwa na kuondoka siku hiyo hiyo. Nilipinga. Injini ya mtumba ni ya gari ambalo hatujawahi kupima maji yake wala oili yake, na namba yake ingekuwa tofauti na ya kwenye kadi, jambo la kwenda kurekebisha TRA, mamlaka ya mapato, kabla halijamletea matatizo barabarani au siku ya kuuza. Injini aliyonayo tulishaijua: silinda tatu nzima, moja yenye ringi zilizokufa.

Ilipofunguliwa, ringi za oili kwenye pistoni ya nne zilikuwa zimegandishwa na kaboni kabisa, hazichezi. Ukuta wa silinda bado ulikuwa na mikwaruzo ya msalaba ya kiwandani, hivyo hapakuwa na haja ya kuchonga. Zikabadilishwa ringi za pistoni zote nne, sili za vali, gasketi, na cheni ya taimingi kwa kuwa injini iko wazi tayari. Cheni ndiyo iliyozidisha makadirio: 1,240,000. Alitoa akiba yake, akaongezea kidogo.

Kwa hiyo gari limemgharimu 11,040,000, na nimesikia mtu akisema basi ingekuwa sawa tu kulipa 10.5. Angelipa 10.5, matengenezo yale yale yangelifikisha milioni 13 na laki mbili, na mwezi wa nane asingekuwa na ya kufungulia injini. Kwa 8.3 lilikuwa gari la kununua. Kwa 9.5 nisingemshauri, namba D au namba yoyote.

Kipimo cha mwisho cha kompresheni, baada ya ringi mpya kukaa, ni 198, 196, 199 na 195. Oili kwenye stiki haishuki kati ya badiliko moja na jingine. Kazi iliyobaki ni giaboksi. Fundi alipendekeza kuisafisha kwa mashine, oili yote itoke kwa mara moja, nikakataa, kwa sababu oili iliyokaa miaka mingi imebeba unga wa bamba za ndani, na kuusukuma wote kwa nguvu kunaweza kuziba njia nyembamba za vali. Tunamwaga ile inayotoka kwenye sampo tu, yaani bakuli la chini la giaboksi, karibu lita tatu, tunajaza oili mpya ya gia aina ya T-IV, na kurudia kila anapobadilisha oili ya injini. Iliyotoka mara ya kwanza ilikuwa ya kahawia, ya pili imeanza kurudi wekundu, na ya tatu ni mwezi ujao.